Kitawi Kisichoshukuriwa

Siku ya kubadilishana mimea, ukumbi wa kanisa pale Majorna, mtaa mmoja wa Göteborg, ulifurika watu mpaka vyungu vikawa vinapitishwa juu ya vichwa. Kila mtu alikuwa na udongo kwenye kucha na neno la kusema kuhusu mbolea. Ylva Sandell, koti jekundu la mvua mwilini na nywele kazibana kwa penseli, alisimama nyuma ya vikopo vyake vya mtindi. Kila kikopo kilikuwa na kitawi cha pelagonia ya marehemu mama yake, ile yenye maua ya rangi ya waridi iliyopauka, ambayo hakuna duka lolote mjini Göteborg linaloiuza.

Mbele yake akasimama mwanamume mrefu aliyevaa sweta ya sufu ya kijivu, imetoboka kiwikoni.

"Umeleta mmea gani wa kubadilisha?" Ylva akamuuliza.

"Mimi? Nimeleta maji." Matone yalikuwa yakimdondoka hadi puani. "Kusema kweli nimekimbia mvua tu. Naitwa Rikard, nimetoka Luleå juzi, simjui mtu hapa."

"Maskini! Basi chukua kimoja, upate wa kuongea naye."

Akakipokea kwa mikono yake mikubwa ya seremala, kama aliyepewa yai. "Asan—"

Kiganja cha Ylva kilikuwa tayari kimemziba mdomo. "Usishukuru! Ukishukuru kitakufa. Huko kwenu kaskazini hamfundishwi?"

"Kwetu tuna theluji, hatuna maua," akasema chini ya kiganja. "Sasa niseme nini?"

"Sema hushukuru."

Rikard akainamisha kichwa kwa heshima zote. "Sishukuru."

Ylva akacheka mpaka penseli ikamdondoka. Mkono aliutoa mdomoni pa Rikard polepole, na wote wawili waliona kwamba ulikawia.

Simu ya kwanza ilikuja kabla ya wiki kwisha.

"Ylva, mgonjwa wetu ana majani ya njano."

"Umemwagilia mara ngapi?"

"Kila nikipita karibu yake."

"Unamzamisha, bwana wee! Tia kidole kwenye udongo. Ukikuta unyevu, mwache. Na chungu kina tundu chini?"

"Kinatakiwa kiwe na tundu?"

"Jamani! Nakuja."

Alikwenda na mfuko wa udongo, akarudi kwake asubuhi. Kabla ya miti ya barabarani kuota majani yote, Rikard alikuwa amehamia kwa Ylva pamoja na misumeno yake na chungu chake, ambacho sasa kilikuwa na tundu.

Walipendana, sitaki mtu adanganyike. Ylva alimfundisha kukata ncha ya mmea ili utoe matawi, naye akamtengenezea rafu za madirishani kwa miche ya nyanya. Ylva akimpelekea kahawa kitandani, Rikard alisema, "Sishukuru, laazizi," akapigwa mto. Akifuliwa ovaroli, "Sishukuru." Mgongo ulipomkamata, Ylva alimkanda na kumvisha soksi. "Sishukuru." Baba yake alipofariki, Ylva aliomba likizo kwenye kliniki ya meno, akakaa naye Luleå, akaosha vyombo vya msiba wote. Kwenye treni ya kurudi Rikard alimlalia begani, macho mekundu, akanong'ona, "Sishukuru, Ylva."

Safari hiyo Ylva hakucheka. Alitazama misonobari ikipita, akahisi njaa ya neno moja dogo, ambalo hata wagonjwa wa meno, midomo ikiwa imekufa ganzi, walijitahidi kumwambia. Aliona aibu kuliomba. Rikard kwa upande wake hakujua lolote. Kwake "sishukuru" ndilo lilikuwa neno la mapenzi kuliko yote aliyowahi kuyatamka, na alilitunza.

Mwezi wa Mei uliofuata, Ylva alikwenda Stockholm kikazi. Akapiga simu kutoka kituoni.

"Miche uizoeshe nje taratibu, sawa? Leo saa moja tu, kivulini. Kesho uongeze kidogo. Isipigwe na jua la moja kwa moja."

"Nimekuelewa, mama mkulima. Nenda kwa amani."

Lakini kesho yake jua lilitoka, jua lile ambalo sisi watu wa huku tukiliona tunavua mashati. Rikard akaionea huruma miche iliyofungiwa tangu Februari. Akaitoa yote nje asubuhi, akaipanga vizuri, akaenda kazini kwa furaha, akifikiri jinsi mpenzi wake atakavyofurahi.

Ylva aliporudi, majani yalikuwa meupe kama karatasi.

"Nilitaka ipate jua," Rikard akasema. "Nilifikiri utafurahi."

"Kitu kimoja, Rikard! Kitu kimoja tu nilikuomba!"

"Ni nyanya tu, mpenzi. Tutanunua nyingine."

"Si nyanya! Nimekufulia, nimekuuguza, nimemzika baba yako pamoja nawe, na hujawahi kuniambia asante. Hata siku moja!"

Rikard akaduwaa. "Si wewe uliyenikataza?"

"Nilikukataza kwa kitawi! Mimi ni kitawi?"

Angesema asante wakati ule, mambo yangekwisha. Lakini aliumia. Mzaha wao aliouthamini kuliko kitu chochote ulikuwa umetupwa mbele yake kama takataka. "Kwa hiyo muda wote huu ulikuwa unanihesabia," akasema. Usiku huo alilala kwa fundi mwenzake, na wiki iliyofuata akapanda treni ya kaskazini, chungu mapajani.

Novemba akapiga simu.

"Ylva. Pelagonia inapukutisha majani."

Ylva alitaka kusema rudi. "Ni baridi na giza," akasema. "Punguza maji. Iweke dirishani, penye ubaridi."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Kila mmoja akakaa na simu mkononi, akimngoja mwenzake apige tena. Januari ikaja na baridi kali. Dirisha la baraza ya vioo likafunguliwa na upepo Ylva akiwa kazini, na pelagonia zote za mama yake zikaganda, zikageuka uji mweusi. Alikaa sakafuni kati ya vyungu, akalia kama siku ya maziko.

Majira ya kuchipua alikwenda tena kanisani Majorna, mikono mitupu, akiuliza meza baada ya meza kama kuna mtu aliyewahi kuchukua kitawi kwake na bado anacho. Hakuna. Alipogeuka kutoka, Rikard alikuwa amesimama mlangoni: koti jipya la buluu, nywele zimekatwa na mtu anayejua.

"Fundi mwenzangu kaniambia zako zimeganda," Rikard akasema. Mkononi alikuwa na kikopo cha mtindi chenye kitawi, kibichi, kina nguvu. "Yangu imekuwa kubwa. Nimeikata ncha kama ulivyonifundisha."

"Umesafiri mbali hivyo kwa kitawi?"

"Nilitaka kukuletea mkono kwa mkono." Akatazama viatu vyake. "Na nikuambie mwenyewe. Naoa, Ylva. Anaitwa Gunvor. Agosti."

Ukumbi uliendelea kupiga kelele. Mtu aliomba kupita na mfuko wa samadi, wakampisha.

"Kuna kingine," Rikard akasema. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Asante. Kwa baba, kwa mgongo, kwa yote. Asante sana."

Ndilo neno alilolilia. Lilikuwa limefika, zuri kama alivyolifikiria, na lilikuwa la kwaheri.

Akamkabidhi kikopo. Shukrani zilimjaa Ylva mdomoni, akauma midomo, kwa maana hicho kitawi ndicho pekee alichobaki nacho cha mama yake, na alikitaka kiishi.

"Sishukuru," akasema.

Rikard akafumba macho kidogo. Kisha akavuta zipu ya koti lake jipya, akatoka mvuani.

Nyumbani, Ylva alikiweka kitawi dirishani, akatia kidole kwenye udongo, akakuta unyevu. Juu kulikuwa na vitumba vya maua, vya rangi ya waridi iliyopauka, karibu kufunguka. Akavikata kimoja kimoja kwa kucha, visikinyonye nguvu, kwa sababu kitawi kisicho na mizizi hakiruhusiwi kuchanua.