Hodi ya Tatu

Jua lilikuwa linazama, na Sikio alikuwa amebakiza kazi moja ndogo: kuujaribu mlango wa ghorofa ya saba. Mlango wa ndani ya gemu, si wa kweli. Yeye na kaka yake ndio waliokuwa kampuni nzima. Kaka aliandika programu, yeye alitengeneza sauti, na ndiyo maana wakambandika jina la Sikio. Gemu lao la kwanza lilikuwa la kupigana risasi katika mji wa siku zijazo, uliojaa taa za rangi na majambazi wenye mikono ya chuma. Lilikuwa linatoka kesho.

Majambazi wote walitumia sauti ya kaka. Sikio alimrekodi akifa mara arobaini.

"Mdogo wangu, wewe unaifurahia hii kazi," kaka alilalamika.

Kisha akamrekodi akibisha hodi. Mara mbili tu, kwa sababu baada ya hapo jambazi anauvunja mlango.

"Nafuata betri dukani," kaka alisema jioni ile. "Sichelewi."

Sikio akavaa hedifoni, akaanza kupanda ngazi za gemu. Alimng'oa jambazi wa kwanza taya kwa risasi. Wa pili akampasua tumbo, naye jambazi akateleza kwenye damu yake mwenyewe hadi chini. Sauti zilikuwa safi kabisa, na Sikio alijisifu kimoyomoyo. Akaingia chumba cha ghorofa ya saba, akasubiri.

"Hodi."

"Hodi."

Kimya...

"Hodi."

"Karibu," Sikio alijibu.

Lilimponyoka. Mama yao aliwalea hivyo: hodi haiachwi bila jibu, hata kama umejaza chakula mdomoni. Ila maikrofoni mbele yake ilikuwa imewashwa.

Mlango haukuvunjwa. Ulifunguka taratibu. Harufu ya chuma cha moto ikamjia puani. Aliyeingia hakuwa na bunduki wala mkono wa chuma. Alikuwa na sura ya kaka, ameshika betri.

Sikio akacheka. Kaka na utani wake! Akampiga risasi ya goti, mguu ukavunjika ukageukia nyuma.

"Mdogo wangu, ni mimi!"

Akampiga ya koo.

Ukelele ulikatika katikati, na hapo kicheko kikamkauka. Zile arobaini alizijua zote. Huu haukuwemo.

Kishindo kikasikika. Si kwenye hedifoni. Nje, kwenye korido.

Alipofungua mlango wa ofisi yao, kaka alikuwa sakafuni, mguu umegeukia nyuma, damu ikimtoka kooni kila moyo ulipopiga. Betri zilikuwa bado zinabingirika. Hakukuwa na mtu mwingine. Sikio aliliziba tundu la koo kwa mikono yote miwili, akipiga kelele za kuomba msaada hadi watu wakaja.

Daktari alitafuta risasi, hakuiona. Kaka alipona, ila sauti haikurudi. Gemu walilifuta, kompyuta wakaiponda kwa nyundo, na Sikio hakuacha kujilaumu hata siku moja.

Miezi mitatu baadaye, giza likianza kuingia, walikuwa wawili mezani nyumbani wakila. Mama alikuwa jikoni, anasugua sufuria, hajajua kuwa kaka ameshaingia.

"Hodi."

Kijiko kikamdondoka Sikio. Ilikuwa sauti ya kaka, ile ya zamani, nzima. Na kaka alikuwa amekaa mbele yake, mdomo umefumbwa, macho yamemtoka.

"Hodi."

Kaka akamrukia, akamziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, hadi meno yakamchana Sikio midomo. Wakasubiri. Nje ya mlango kitu kilikuwa kinapumua...

"Hodi."

Jikoni sufuria ikaanguka.

"Karibu!" mama aliitikia, huku akilia kwa furaha. "Karibu mwanangu, sauti yako imerudi! Ingia!"

Kitasa kikazunguka.