Jiwe la Kumi na Mbili

Saa tatu na dakika ishirini na tano asubuhi, Jumatatu tarehe 14 Oktoba 2019, jiwe lilimpiga polisi wa cheo cha brigadia, Lionel Habarurema, nyuma ya sikio la kulia. Alianguka kifudifudi nje ya lango la ofisi ya mtaa wa Makoro, kaskazini mwa Goma. Watu wapatao mia mbili waliokuwa mbele yake, kila mmoja na bidoni tupu, dumu la njano la maji, waliacha kuimba. Dakika mbili baadaye polisi walirusha gesi, na maandamano ya kudai maji yakaisha.

Inspekta Bénita Niyonsenga alifika saa nne na nusu. Alikuwa amebeba jalada la bluu aliloletewa kituoni na shefu wa mtaa mwenyewe, Florent Havugimana. Ndani yake mlikuwa na ripoti ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba jiwe lilitoka kwa waandamanaji, na kwamba aliyelitupa ni msemaji wao, Chance Uwizeye, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka ishirini na sita. Chance alikuwa tayari mahabusu. Saa tisa alasiri gari lingempeleka kwa mwendesha mashtaka, na kutoka huko watu hawarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kama Lionel angekufa, shtaka lingekuwa la mauaji.

Jiwe lilikuwa bado chini, karibu na damu. Lilikuwa jiwe jeusi la volkano, lenye ukubwa wa ngumi mbili. Upande mmoja ulipakwa chokaa nyeupe. Upande wa pili ulikuwa na udongo mbichi.

Bénita alitazama barabara yote hadi kwenye kona. Mawe yalikuwa mengi, yote meusi.

Alivaa glavu, akaliokota lile lenye chokaa, akabisha. Kidirisha katika lango la bati kilifunguliwa na uso wa mzee ukatokea.

“Ni nani?”

“Polisi. Fungua, muzee.”

Mlinzi aliitwa Viateur. Pembeni mwa lango palikuwa na ndoo yenye bomba dogo, iliyowekwa kwa ajili ya Ebola, na juu yake kibao: KILA ANAYEINGIA ANAWE MIKONO. Bénita alifungua bomba. Halikutoa kitu.

“Iko kavu tangu siku ya ine, Alhamisi, mama,” alisema Viateur. “Mutaa muzima uko kavu. Batu bamekuja kulia maji hapa, na hapa penyewe hatuna ya kunawa uso.”

Kutoka langoni hadi mlango wa ofisi kulikuwa na njia iliyopangwa mawe meupe kila upande. Bénita aliyahesabu kwa kidole. Upande wa kushoto, baada ya jiwe la kumi na moja, palikuwa na shimo dogo lenye udongo mbichi. Alilishusha jiwe alilokuja nalo. Lilikaa bila kutikisika, upande mweupe juu. Akavua glavu.

“Nani alipaka haya?”

“Miye, siku ya posho, Jumamosi, kwa salongo, ile kazi ya usafi ya mutaa muzima. Shefu alileta chokaa na bidoni moja ya maji toka kwake, lakini hakuleta chumvi. Bila chumvi haishiki. Ukigusa tu, umekuwa mweupe kama mwokaji wa mikate.”

“Nionyeshe mikono.”

Alionyesha. Ilikuwa safi, lakini mikono ya koti lake ilikuwa na chokaa hadi kwenye viwiko.

“Lango lilikuwa wazi saa tatu?”

“Hapana. Nililifunga saa mbili. Hakuna muandamanaji aliingia.”

“Basi jiwe limetoka ndani. Ndani mlikuwa nani?”

“Miye na shefu. Katibu hajakuja tangu juzi, ni mugonjwa.”

“Lionel unamfahamu?”

“Namfahamu sana. Mwezi wa tisa alinipiga kofi mbele ya bibi yangu sababu ya kiti. Kiti, mama. Kiti cha plastiki. Lakini kama ningetaka kumupiga, ningemupiga siku ile, nilikuwa na hasira ya kutosha.”

“Saa tatu na dakika ishirini na tano ulikuwa wapi?”

“Hapa ku kidirisha. Nilikuwa natazama. Wako na nyimbo nzuri.”

Bénita aliandika jibu hilo. Mlinzi alikuwa na kisasi, alikuwa na chokaa, na alikuwa ndani. Kwa mkuu wake kituoni hayo matatu yangetosha.

Saa tano na dakika kumi alimpata Léocadie Mukagasana, mpiga picha za arusi aliyeandamana na kamera yake. Alikuwa amekaa juu ya bidoni yake mbele ya studio, macho bado mekundu kwa gesi.

“Umekuja kuchukua kamera?”

“Nimekuja kutazama.”

“Wenzako walisema hivyo hivyo mwaka jana. Bado wanatazama.”

Hata hivyo alimwonyesha. Picha tatu zilipigwa ndani ya sekunde sita. Katika ya kwanza Lionel amesimama akiwakabili waandamanaji, mgongo wake kwa lango. Katika ya pili kofia yake inaruka mbele. Katika ya tatu yuko chini. Chance Uwizeye alionekana katika zote tatu, hatua nne mbele ya Lionel: megafoni mkono wa kulia, bidoni mkono wa kushoto. Na katika zote tatu, kwenye kidirisha cha lango, ulikuwapo uso wa Viateur.

“Huyu muzee anacheka,” alisema Bénita, akionyesha picha ya kwanza.

“Alikuwa anaimba nasi.”

Saa saba kasoro robo alizungumza na Chance mahabusu. Msichana alikuwa na vumbi jeusi viganjani. Chokaa hakuwa nayo popote.

“Maandamano mliyatolea taarifa?”

“Kwa barua, tarehe tatu. Shefu alipiga muhuri ku kopi yetu. Katiba inasema kujulisha, haisemi kuomba ruhusa. Alijibu tarehe kumi kwamba maji yanafika kila siku kwa kila mutu, kwa hiyo hatuna sababu ya kuandamana. Kopi ya jibu iko mu mfuko wangu, mliuchukua ku mlango.”

“Mlitaka kufanya nini pale langoni?”

“Kusoma majina. Kuna nyumba zimejiunga na bomba la watu wote, usiku zinajaza matangi, mchana zinauza. Niko na majina saba.”

“Shefu alijua?”

“Nilimwandikia ndani ya barua: tutasoma majina. Jina la ine ni lake.”

Bénita aliacha kuandika. “Yote saba umeyahakikisha?”

“Sita niliona kwa macho, bomba na tangi. La saba niliambiwa.”

“Kwa hilo la saba, mwenye jina angeweza kukushitaki, na angeshinda.”

“Umekuja kunitetea ao kunifunga?”

“Nimekuja kujua nani alitupa jiwe.”

Saa nane na dakika tano alikuwa ofisini kwa Florent Havugimana. Shefu alivaa suti ya kijivu. Alimwonyesha kiti cha plastiki.

“Mama inspekta, hata mimi napenda demokrasia. Lakini kusimama barabarani na kutaja majina ya wazazi wa watu, hiyo si uhuru, ni matusi. Lazima kuwe na mpaka.”

“Mpaka upo. Ukitajwa kwa uongo, unamfikisha mahakamani. Leo asubuhi ulikuwa wapi?”

“Hapa mezani tangu saa moja. Sikutoka hadi niliposikia kelele.”

“Jumamosi ulifanya salongo?”

“Nilisimamia.” Alitabasamu. “Unafikiri napaka mawe na suti?”

“Hujagusa mawe yale?”

“Hata moja.”

“Na jalada hili?”

“Jipya. Nililitoa ku plastiki leo, niliandika ripoti, nikaiweka ndani, nikakuletea.”

“Hakuna mwingine aliyeligusa?”

“Hakuna.”

Bénita aliligeuza jalada. Mgongoni, juu ya rangi ya bluu, palikuwa na alama nne nyeupe za vidole, na upande wa mbele ya tano, ya kidole gumba.

“Hii ni chokaa,” alisema. “Yangu siyo, jiwe nililishika kwa glavu, na nilizivua kabla ya kugusa jalada tena. Ilitoka wapi?”

Florent aliitazama. “Labda vumbi. Mimi nilinawa langoni nilipofika, kama kila mutu. Ni sheria ya Ebola.”

“Ulinawa ku ndoo?”

“Ku ndoo.”

“Ndoo ni kavu tangu Alhamisi.”

Florent alishusha mkono wake chini ya meza.

“Unaweza kusema kwamba umekosea, kwamba hapa hakuna maji,” aliendelea Bénita. Alitoa kopi ya barua ya tarehe kumi na kuiweka mezani. “Lakini uliandika kwamba yanafika kila siku kwa kila mutu. Sahihi ni yako. Sasa nionyeshe mkono wa kuume, shefu.”

Aliuweka mezani polepole. Alikuwa ameufuta kwa kitambaa, bila shaka zaidi ya mara moja. Chini ya kucha nne kulibaki weupe.

“Angekuwa na maji, angeshanawa,” alisema Viateur kutoka mlangoni, bila kuulizwa.

“Nyamaza, wewe.”

“Nimenyamaza tangu asubuhi, shefu.”

Florent alirudisha mkono chini ya meza. “Nilitaka lianguke katikati yao,” alisema. “Katikati tu. Jiwe likionekana, si maandamano tena, ni fujo, na fujo polisi wanaitawanya. Nilikuwa nyuma ya ukuta, sikuona mutu. Lionel ni mutoto wa dada yangu mukubwa.”

“Na majina?”

“Niko na miaka kumi na moja mu mutaa huu. Ungetaka watoto wasikie jina langu ku megafoni?”

Alitia sahihi maelezo yake saa nane na dakika hamsini. Bénita aliyasoma kwa mkuu wake kwa simu, neno kwa neno. Gari la saa tisa liliondoka na Florent Havugimana.

Saa tisa na nusu hospitali ilithibitisha kwamba brigadia Lionel amefungua macho na ametaja jina la mama yake.

Saa tisa na dakika arobaini Chance Uwizeye alitia sahihi daftari la kutoka. Alirudishiwa megafoni, bidoni na karatasi iliyokunjwa mara mbili. Aliazima kalamu kaunta, akakata mstari mmoja, akairudisha kalamu.

Saa kumi na dakika kumi, nje ya lango la ofisi ya mtaa wa Makoro, mbele ya polisi kumi na mmoja, alisoma majina sita.