Rangi Chini ya Nati

Kila Jumamosi, Nekoye alipomaliza kufua sare yake ya shule, alichukua mkebe wa rangi nyeupe na kuingia uvunguni mwa gari. Gari lenyewe lilikuwa Anglia kuukuu lililowahi kubeba kuku wa sokoni, msicheke. Baba yake, Wakoli, fundi wa magari katika mtaa wa Manyatta, alikuwa akiligeuza liwe gari la mashindano, papo hapo uani. Viti vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa, na chini ya injini ilifungwa ngao ya chuma kinene ili mawe yasitoboe tangi la oili.

Kaka yake Waliaula, kijana wa miaka kumi na sita, alikaza nati. Nekoye, wa miaka kumi na miwili, aliitia kila nati alama ya rangi.

"Usipake mpaka spana ikatae kuzunguka," Baba alimwonya. "Nikiona rangi, sikagui tena."

Nekoye aliionea fahari brashi ile kuliko viatu vyake vya Krismasi.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mashindano zilibaki nati nne za ngao, upande wa kulia. Waliaula alikuwa akitazama jua kila mara.

"Mama anakuita," alimwambia. "Niachie brashi, nitamalizia."

Nekoye akampa. Huko jikoni Mama alishangaa. "Waliaula amesema nakuita? Mimi sijamwita mtu." Aliporudi uani, nati zote zilikuwa na rangi, na Waliaula hayupo.

Kesho yake Baba na rafiki yake Harbhajan, aliyekuwa dereva, waliondoka kwa vifijo kwenda kushindana hadi Sondu na kurudi. Saa nane mchana gari lilirudi likivutwa na trekta. Karibu na Katito ngao ilikuwa imeanguka upande mmoja, na jiwe likatoboa tangi la oili. Harbhajan alikuwa na uvimbe kwenye paji la uso.

"Nati tatu za kulia hazipo," Baba alisema. "Nani alipaka rangi upande huu?"

Nekoye alimtazama kaka yake, akingoja. Waliaula alitazama paa la jirani.

"Brashi ni ya Nekoye, Baba. Kila mtu anajua."

Loo! Huyu ndiye Waliaula aliyembeba mgongoni kuvuka matope ya masika. Nekoye alitaka kujieleza, lakini Baba alikwisha kugeuka. Baba hakupaza sauti. Alichukua mkebe na brashi, akaviweka juu ya kabati.

"Bwana Harbhajan angekufa," alisema. "Sikujua binti yangu anaweza kunidanganya."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kiboko. Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba Waliaula aliyasikia, kisha akaomba chai.

Nekoye alilia hadi machozi yakakauka. Kisha akachukua spana na kurudi uvunguni. Nati ya nne ya kulia ilikuwa bado inaning'inia. Aliifungua kwa vidole tu. Moja ya upande wa kushoto ilimtoa jasho kuifungua. Alipozitazama zote mbili kwa chini, alitoka mbio.

"Baba, tazama. Hii ya kushoto nilipaka mimi, na chini yake ni chuma kitupu. Hii ya kulia, rangi imeingia mpaka ndani. Ilipakwa ikiwa imelegea."

Harbhajan alizigeuza kiganjani. "Ni kweli, Wakoli. Nati iliyokazwa haina pa kupitisha rangi."

"Na Nekoye alikuja kwangu siku hiyo," Mama akaongeza. "Waliaula alimdanganya kwamba namwita. Njia ya mwongo ni fupi."

Waliaula aliinamisha kichwa. "Mpira ulikuwa unaanza," alisema. "Nilidhani zitashika."

"Ungesema mapema tungezikaza, yakaisha," Baba alimjibu. "Badala yake umemwacha mdogo wako abebe kosa lako huku unakunywa chai." Kisha akamgeukia Nekoye. "Nami nimekosa. Nimehukumu kabla ya kuuliza vizuri. Nisamehe, mama. Wanangu, anayekuamini haji kukagua nyuma yako. Ndiyo maana ukimdanganya huyo, unamuumiza kuliko ambavyo adui angeweza."

Alishusha mkebe kutoka juu ya kabati na kumrudishia Nekoye.

Jumamosi iliyofuata Waliaula, aliyenyimwa mpira mwezi mzima, alikaza nati ya kwanza ya ngao.

"Tayari," alisema kwa upole. "Paka."

"Nipe spana kwanza," Nekoye alijibu.

Aliivuta kwa nguvu zake zote. Spana ikakataa kuzunguka. Ndipo akachovya brashi.