Kebo Ilivutwa Mara Mbili

Wifi yangu ndiye aliyenihadithia kwanza jambo hili. Lilimpata shoga yake, fundi wa mitandao ya kompyuta maofisini.

Mwenzake wa kazi, waliyemwita Buibui kwa kutambaa kwake darini, alinaswa na umeme humo humo akafa. Siku moja tu baada ya maziko, bosi alimwita yule shoga.

“Dada, msiba umeisha. Ghorofa ya tatu ikilala tena bila mtandao, kibarua chako kimeota nyasi.”

Alikuwa na mtoto anayenyonya, na kibarua hicho ndicho kilichowalisha. Akateremka chumba cha mitambo. Taa ya humo ilikuwa imeungua; giza totoro, feni zikivuma. Kebo zilikuwa tele na hazina alama. Zamani yeye alizivuta chini moja moja, na Buibui, aliyekuwa darini ameshika ile inayotafutwa, alipohisi imevutwa alijibu kwa kuivuta mara mbili. Akaanza kuzivuta kwa mazoea tu, machozi yakimlenga.

“Umeniachia kazi ya watu wawili, kaka,” alinong'ona.

Juu ya kichwa chake kitu kikaburuzika polepole, kama magoti. Kisha kebo aliyoishika ikavutwa mara mbili.

Akaichomeka kwenye mashine ya mtandao. Taa yake ya kijani ikawaka, na ghorofani watu wakashangilia.

“Unaona?” bosi akacheka kutoka mlangoni. “Kumbe hata peke yako unaweza!”

Asubuhi iliyofuata alipanda ngazi, akafunua dari, akaifuata kebo ile kwa tochi. Haikufika popote. Ilikuwa imekatwa siku walipomtoa Buibui, ncha yake ikining'inia hewani. Na kule chini, taa ya kijani ilikuwa bado inapepesa.