Tope la Maulida

Kila asubuhi nikienda shule hapa Maneromango, nilipita kwa Mzee Bilali, fundi wa visima. Alikuwa na desturi ya kupanga udongo aliouchimba kwa mafungu, la kwanza mpaka la mwisho, ili ajue amefika wapi. Mwalimu Atupele alitutuma tujaze chupa udongo wa kisima, tabaka juu ya tabaka, kwa kufuata mafungu hayo.

"Bahari ikipanda, mito hupoteza kasi na kuacha tope. Ikishuka, mito huchimba na kusukuma mchanga," alisema. "Udongo utatusimulia."

Mwenye chupa bora angekwenda maonyesho ya wilaya, Kisarawe mjini.

Rafiki yangu Maulida alikwenda kwa mzee siku tatu mfululizo. Mimi uvivu ulinishika. Nilipofika, kisima kilishajengewa na udongo umefyatuliwa matofali. Nikajaza mchanga wa barabarani, katikati nikachomeka makombe ya baharini niliyoyatoa kwenye mkufu alioniletea shangazi kutoka Bagamoyo.

Darasa zima lilishangilia chupa yangu, na Mwalimu Atupele akaandika jina langu ubaoni kuwa ndiye wa kwenda maonyesho. Ya Maulida ilikuwa na mchanga, na chini yake tope la kijivu.

"Umezoa bwawani!" tulimcheka, na mimi nilicheka kuliko wote, ingawa fungu la kijivu nilikuwa nimeliona kwa mzee nikipita. Maulida aliimwaga nyuma ya darasa huku analia. Mvua ya siku ile ikalisomba tope lake.

Kwenye maonyesho, mtaalamu wa miamba, Bi Zuleha, aliigeuzageuza chupa yangu yenye kibandiko cha jina.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Makombe haya umeyatoa wapi, Firdausi?"

"Kisimani."

"Mbona yana matundu ya uzi?"

Njia ya mwongo ni fupi. Nilisema yote.

"Na kisima chenyewe kilitoa nini?"

"Tope la kijivu, chini ya mchanga."

Alivua miwani. "Huenda tope hilo lilitua bahari ilipokuwa juu. Hilo ndilo nililokuja kulitafuta. Liko wapi?"

"Limemwagwa."

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikakiri. Nilijichukia. Mwalimu Atupele alifuta jina langu ubaoni, akaandika la Maulida.

"Tulioucheka ukweli tuna makosa, na mimi nimo, maana nilinyamaza," alisema. "Lakini sisi hatukujua. Firdausi alijua. Uongo haumdanganyi tu anayeusikia, humnyang'anya haki yake aliyesema kweli."

Nilimgeukia Maulida. Tulikuwa darasa la saba, mwaka wetu wa mwisho, na maonyesho mengine hayangekuwepo kwetu.

"Nisamehe, Maulida."

"Nimekusikia," alisema, akahamisha daftari zake kutoka dawati letu kwenda la nyuma.