Vikanyagio vya Nyuma

Haya yalimpata rafiki yangu Placide, fundi wa pikipiki wa Kalundu, kando ya ziwa, na mpaka leo hapendi kuyasimulia.

Mwaka wa uasi alimpakia shemeji yake Mathieu, wakaukimbilia mlima. Kwa haraka hakubadilisha jikleri, kile kishaba chenye tundu kinachopimia petroli ndani ya karbureta. Ya ziwani ni kubwa mno kwa hewa nyepesi ya juu. Kwenye kona ya mianzi injini ikakohoa moshi mweusi, ikaishiwa nguvu. Risasi zililia nyuma yao.

"Shuka, shemeji. Piki haiwezi batu babili. Nitarudi kukubeba."

"Weye nenda. Minye niko hapa."

Placide hakurudi, na Mathieu hakuonekana tena. Alimwambia tu mkewe Pétronille, dada yake Mathieu, kwamba walipoteana.

Miaka miwili baadaye padri akamtuma kupeleka dawa huko juu. Safari hii alitia jikleri ndogo, akakunja vikanyagio vya abiria na kuvifunga kwa waya. Piki ilipanda ikiimba. Kwenye mianzi ukungu ukafunga, mchana ukawa giza. Springi za nyuma zikalia kriii, kama mtu amekaa, na injini ikawa nzito ghafla. Placide hakugeuka. Uzito ule haukumwacha mpaka aliporudi Kalundu.

Pétronille alitoka na ndoo aioshe piki, akainama.

"Ulimubeba nani?"

Waya ulikuwa umefunguliwa vizuri, umening'inizwa kwenye usukani. Vikanyagio vilikuwa chini, vyote viwili, vimejaa udongo mwekundu wa mlimani, bado mbichi.