Magunia ya Omena Majini

Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, ulivunjika kabla mvua haijawafikia. Kipande chake cha juu kiliangukia ziwani na kuvuta tanga lote nyuma yake. Mashua ikalala upande. Nasambu, abiria aliyekaa juu ya magunia, akajikuta anatazama maji kama mtu anayechungulia kisima.

"Vuteni tanga ndani," Joash, nahodha, alisema. "Likijaa maji tunaenda nalo."

Wakavuta wote watatu. Mti uliovunjika ukamchana Joash kiganja. Apondi, mwenye mashua na mwenye mzigo, akamfunga kwa leso yake.

Asubuhi, wakitoka kisiwa cha Sumba kuelekea Sio Port, Apondi alikuwa ameamuru mifuko ya mchanga inayokaa chini ya mashua itolewe, ili magunia zaidi ya omena, dagaa wa ziwani, yaingie. "Uzito ni uzito," alisema, "na mchanga hauna mnunuzi Busia." Lakini omena kavu ni nyepesi. Mashua ilielea juujuu kama bata, na rundo la magunia likashika upepo. Sasa upepo huo ulikuwa unawasukuma kwenye miamba myeusi chini ya kilima, ambako mawimbi yalipasuka meupe.

"Nanga je?" Nasambu aliuliza.

"Kamba haifiki chini hapa, dada."

Nasambu alikulia Khunyangu, kwenye mihogo. Mashua hakuzijua. Alisema polepole, kama anayejisemea, "Kwetu ng'ombe mtoro anafungiwa gogo shingoni."

"Sema tena."

"Akivuta gogo, hakimbii mbali."

Joash akayageukia magunia. Apondi akamwona.

"Usiangalie mali yangu hivyo."

Wimbi likapanda, likawamwagikia mapajani. Apondi akapangusa uso. "Anza na ya juu," alisema. "Ya chini ndiyo mazuri."

Wakayafunga magunia kwenye kamba ya nanga, moja nyuma ya lingine, wakayatupa mbele. Yalielea kidogo, yakanywa maji, yakazama nusu. Kamba ikakaza. Taratibu mashua ikageuza uso kwa upepo, ikaacha kukimbia.

Mvua ikashuka. Nasambu alichota maji kwa jerikeni lililokatwa, akamwaga, akachota tena, mpaka mabega yakafa ganzi. Apondi alisali kwa Kidholuo, akakatiza maombi kuuliza kama fundo limekaza, kisha akaendelea alipoachia. Miamba ilisogea bado, lakini kwa mwendo wa kobe. Nasambu aliweza kuona ndege weusi wamejikunyata juu yake.

Halafu upepo ukachoka, kama mtu aliyegombana peke yake.

Wakavuta magunia ndani yakichuruzika. Mazito sasa. Joash akayapanga chini kabisa, na mashua ikatulia majini.

"Haya, mchanga wako huo," akamwambia Apondi.

"Nyamaza, ufunge mti."

Joash alililaza kasia kando ya foromali iliyovunjika, akazungusha kamba ya nyavu na kuikaza kwa meno, maana mkono mmoja ulikuwa umevimba. Wakapandisha tanga nusu tu. Usukani hangeweza kuushika.

"Dada, njoo huku. Unaona ule mnara wa simu? Uweke mbele, usiuache."

"Na ukipotea?"

"Mnara haujawahi kupotea."

Nasambu akashika. Mti wa usukani ulitetemeka mikononi mwake, ukamvuta kushoto, akaurudisha. Miamba ikapita upande wa kulia, karibu, ikanuka kinyesi cha ndege. Hakuitazama. Alitazama mnara. Mawingu yakafunguka, nguo zikaanza kukauka mgongoni, na Apondi akauliza kama kuna mtu alibeba hata muhogo mmoja. Hakuna aliyekuwa amebeba. Walicheka, hata Joash mwenye maumivu.

Mashua ikakwaruza mchanga wa Sio Port. Wanawake wakaingia majini kupokea magunia, wakiuliza maswali yote kwa pamoja. Joash akashuka, akageuka.

"Achilia sasa, dada. Tumefika."

"Ngoja kwanza," Nasambu alisema, mikono yote miwili bado kwenye usukani, akitabasamu.